Harufu Mbaya ya Kinywa Isiyokwisha: Tutafute Chanzo Kinywani Kwanza

Wagonjwa wengi wanaonijia hapa Kampala wakilalamikia harufu mbaya ya kinywa huwa wamekwisha kumeza dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo, kwa kuwa wameambiwa kwamba harufu hiyo hupanda kutoka tumboni. Tumbo huhusika kwa nadra sana. Kwa wengi mno chanzo kimo kinywani, hasa sehemu ya nyuma ya ulimi na kwenye fizi.

Humo huishi bakteria wasiohitaji oksijeni, ambao huvunjavunja protini za mabaki ya chakula, za damu ya fizi na za chembe zilizobanduka ndani ya mashavu, kisha hutoa gesi zenye salfa, mojawapo ikiwa ile inayonuka kama yai viza. Mtu aliyekula mukene, yaani dagaa, jioni akalala bila kupiga mswaki amewaachia bakteria hao chakula cha usiku mzima, tena katika saa ambazo mate, yanayosafisha kinywa mchana, hupungua sana. Ukavu huohuo huwapata waliofunga, wanaopumua kwa mdomo, wanywaji wa pombe kali kama waragi, na wanaotumia baadhi ya dawa za mzio, za sonona au za shinikizo la damu.

Fizi ndizo zinazonisikitisha zaidi. Ukoga usipoondolewa hugeuka kuwa mgumu kama jiwe, fizi zikavimba na kuachana na jino, na katika mianya hiyo mswaki haufiki. Wengi wakiona damu huacha kusugua upande huo, ilhali damu ni dalili kwamba upande huo ndio unaohitaji kusafishwa zaidi, kwa upole. Mvutaji wa sigara huenda asione damu hata kidogo, maana tumbaku huificha, naye akadhani fizi zake ni nzima. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu huondolewa na mtaalamu wa meno kwa vifaa vyake. Dawa ya kusukutua hufunika harufu kwa muda tu.

Nyumbani, piga mswaki mara 2 kwa siku kwa dakika 2, kwa dawa ya meno yenye floraidi, pitisha uzi katikati ya meno, na ukwangue ulimi taratibu kutoka nyuma kuja mbele. Ukingo wa kijiko unatosha. Meno ya bandia yavuliwe usiku na kusafishwa. Kupumulia kiganja ili kujinusa hakusaidii, kwa sababu pua imekwisha kuzoea. Afadhali kumwomba mwenzi au ndugu unayemwamini akuambie ukweli, na ndugu huyo aseme faraghani, kwa heshima.

Kinywa kikikutwa kizima, tutazame tonsili, yaani tezi za kooni, ambazo huweza kujaa vijiwe vyeupe vinavyonuka, pamoja na pua. Mtoto anayetokwa na usaha wenye harufu katika tundu moja tu la pua huenda amejisokomeza shanga au punje ya haragwe. Naye mwenye kisukari ambaye pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, huku ana kiu kali, anatapika au anahema kwa kasi, asisubiri miadi ya daktari wa meno. Apelekwe hospitalini papo hapo.