Mgawa Dawa na Ukoo Wake

Sijahudhuria kikao cha maandalizi ya kingatiba ya usubi, yaani ugawaji wa dawa dhidi ya ugonjwa huo unaopofusha, ambacho hakikuwa na mjumbe wa kusimama na kupendekeza kwamba mgawa dawa, mwanakijiji anayejitolea kuwapa wenzake vidonge, asipangiwe kaya za ndugu zake. Hoja ni ile ile: anayewahudumia watu wa ukoo wake hajitolei bali anatimiza wajibu wa nyumbani, na undugu huzaa upendeleo. Nimeisikia tena hivi karibuni, kutoka kwa mtu msomi mwenye nia njema, na nimeona niijibu kwa maandishi badala ya kuijibu kwa haraka mwishoni mwa kikao.

Ya msingi nitayapitia upesi. Usubi huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi, na ndiyo maana maeneo kama Mahenge, Tukuyu na Ruvuma yameteseka nao. Mectizan, dawa tunayoigawa, huua vimelea wachanga walio chini ya ngozi, lakini haiui minyoo iliyokomaa, ambayo huishi mwilini kati ya miaka 10 na 15. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa kadiri itakavyohitajika, kwa hiyo shida yetu si bei. Shida ni kumfikia kila anayestahili, mwaka baada ya mwaka, hadi minyoo ife kwa uzee. Kazi ya kujitolea yenye urefu huo haiwezi kubebwa na ari ya mtu mmoja. Aliyeianza akiwa na nguvu zake atalazimika kumkabidhi mwingine kabla haijakwisha, na ni busara tujue mapema huyo mwingine atatoka wapi.

Sasa huo upendeleo. Vidonge hutolewa kwa kimo: mwenye sentimita 90 hadi 119 hupata kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, na kuanzia 159 vinne. Fimbo ya kupimia haimtambui binamu. Hakuna foleni ya kurukwa wala mgao wa kugombewa, na anayemwongezea ndugu yake kidonge hajampa chochote cha maana. Ninaomba wenzangu waniambie, kwa mfano halisi, ni kitu gani hasa ambacho mgawa dawa anaweza kumpendelea nacho shemeji yake.

Wakati huohuo, kuna jambo ambalo ndugu hulifanya na mgeni hawezi. Wajawazito hawapewi dawa hii katika kampeni, wala mama aliyejifungua ambaye wiki ya kwanza haijapita. Binti ambaye mimba yake bado haijaonekana, akiulizwa na mwanamume asiyemjua, mbele ya wifi na mama mkwe, kama ana mimba, atajibu hapana na kumeza vidonge ambavyo hakupaswa kuvimeza; au atakataa bila kueleza sababu, ataandikwa kwenye rejesta kuwa amekataa, na mwaka unaofuata atahesabiwa kuwa mkaidi. Shangazi yake, akiwa ndiye mgawa dawa, humwita pembeni, akaweka alama inayostahili, na kampeni inayofuata humkumbuka kabla ya wote. Vivyo hivyo kwa mtu anayewashwa na kuvimba baada ya kumeza dawa kwa sababu vimelea vinakufa ndani ya ngozi yake: atagonga mlango wa nani usiku, kama aliyempa vidonge ni mtu wa kitongoji cha mbali?

Uganda walilipima jambo hili kwa uzito. Mtafiti Moses Katabarwa na wenzake walionyesha kwamba wagawa dawa wanapochaguliwa na koo zao na kuhudumia koo zao, hutembea umbali mfupi, wanawake huingia kwa wingi zaidi, na wachache huacha kazi. Kwangu hilo linatosha kubadili namna ya kupanga kaya.

Ipo familia ninayoisimamia ambamo bibi alianza kugawa, mwanawe akapokea fimbo miguu ya mama ilipodhoofu, na sasa mjukuu aliyemaliza kidato cha nne ndiye mwenye rejesta. Bibi hukaa kwenye mkeka, binti husoma majina kwa sauti. Linapofika jina lisilo na alama, bibi hajibu kwa kukisia: "Huyo yuko dunguni tangu juzi na watoto wake wawili. Mwandike, baba yako atawafuata Jumamosi." Kila mmoja ana kazi ambayo wengine hawaiwezi. Vijana hawajawahi kumwona mtu akipofuka kwa usubi, na huuliza kwa haki kabisa kwa nini wameze dawa ilhali hawaumwi. Bibi, aliyewaongoza wazee wake kwa fimbo na ambaye miundi yake ina mabaka meupe, ndiye jibu lao. Wanaolalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajitolei wangemtazama huyu binti wazee wanapomsubiri asome. Amepata nafasi katika ukoo ambayo cheti chake hakijampatia: anahitajika, na analijua hilo.

Nina mashaka yangu, nayo ni mazito. Shangazi anayeijua siri ya binti anaweza pia kuisambaza, na wapo wasichana ambao wangependa kuulizwa na mtu yeyote isipokuwa yeye. Pia sina hakika kwamba mwana anayepokea fimbo kutoka kwa mama yake amejitolea kwa hiari. Kumkatalia mzazi mbele ya ukoo si jambo jepesi. Linalonisumbua zaidi ni waliohamia: wafugaji, wapangaji wa mashamba, wajane waliobaki peke yao. Ukipanga kila kitu kwa ukoo, asiye na ukoo kijijini haonekani hata kwenye orodha ya waliokosa, na kimelea kitabaki kwake.

Lakini dawa ya mapungufu hayo si kuwatenga ndugu. Niger ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Januari 2025 kuwa imeutokomeza usubi, nchi ya kwanza Afrika, kwa hiyo tunazungumzia kazi yenye mwisho. Ninachokiomba kwa watendaji wa vijiji ni hiki: mkutano wa kitongoji uitishwe kabla ya mafunzo, kila ukoo utaje watu wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, na angalau mmoja wao awe mwanamke, waliohamia wachague wao kwa wao, na kila kaya iwe na ruhusa ya kumwomba mgawa dawa mwingine bila kutoa sababu. Majina yafike zahanati kabla ya rejesta mpya kugawiwa.