Kwa nini mrija wa mkojo hujeruhiwa wakati wa kutoa kizazi?

Mkojo hauteremki wenyewe kutoka kwenye figo hadi kibofuni; unasukumwa. Kila figo ina mrija wake, ureta, wenye urefu wa sentimita 25 hivi na upana wa milimita chache tu, na misuli ya ukuta wake hujikunja kama mnyoo.

Balaa ni njia inayopita. Karibu na shingo ya kizazi, ureta hupenya chini ya ateri ya kizazi, ateri ileile ambayo daktari lazima aibane na kuifunga ili kizazi kitoke. Damu ikiwa nyingi, au uvimbe na makovu ya zamani yakiwa yameivuta ureta pembeni, ni rahisi kuifunga pamoja na mshipa. Ndiyo maana daktari makini akiitilia shaka huigusa taratibu kwa koleo, kisha hutulia kuitazama: ureta itajinyonganyonga, mshipa hautafanya hivyo.

Jeraha likigunduliwa mgonjwa angali mezani, kazi si ngumu sana. Hatari ni lisipoonekana. Siku chache baadaye huja homa, maumivu ya ubavu, tumbo kujaa, au mkojo kuvuja ukeni mfululizo ilhali mgonjwa bado anakojoa kama kawaida, kwa sababu figo ya pili inafanya kazi. Na ureta moja ikifungwa kwa uzi, figo yake inaweza hata kufa kimyakimya.

Mwaka 1869, Gustav Simon wa Heidelberg, Ujerumani, alikuwa na mgonjwa aliyevuja mkojo hivyo baada ya kupasuliwa. Alifanya majaribio kwa mbwa kwanza, kisha akamtoa figo nzima. Mama huyo alipona.

Siku hizi figo huokolewa. Ureta iliyokatwa katikati, ncha zake huchanwa kidogo ili kiungo kiwe kipana, zikashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka bila kuvutana. Iliyokatwa karibu na kibofu kwa kawaida haiungwi, maana damu hailishi vizuri kipande cha chini. Hupandikizwa upya kibofuni, na ikiwa fupi, kibofu ndicho huvutwa juu kikashonewa kwenye msuli wa kiunoni.

Ndani huachwa kibomba laini kwa wiki 4 hadi 6 hivi. Mgonjwa aulize tarehe ya kukitoa kabla ya kuruhusiwa: kikisahaulika kwa miezi mingi, huota mawe.