Flavonoidi: yanayosemwa na yanayojulikana

"Flavonoidi ni vitamini."
Ziliwahi kuitwa hivyo. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi na wenzake nchini Hungaria walitangaza "vitamini P", wakiamini inaziba uvujaji wa mishipa midogo ya damu. Baadaye jina hilo liliachwa, maana hakuna ugonjwa unaompata mtu kwa kukosa flavonoidi. Ni jamii ya kemikali zaidi ya 6,000 ambazo mmea hujitengenezea kwa haja zake: rangi ya kuwaita wadudu, kinga ya jua kali, silaha dhidi ya kuvu. Haukutufikiria sisi.

"Zinaua saratani kwa sababu ni viondoa sumu."
Hapa ndipo chumvi huongezwa. Ni kweli, ukiimwagia seli za saratani kwesetini, flavonoidi ya vitunguu, kwenye kisahani cha maabara, nyingi husita kukua au hufa. Lakini kisahani hakina utumbo wala ini. Mtu akila kitunguu, viungo hivyo viwili huidaka kwesetini, huibadilisha umbo na kuiharakisha itoke. Inayobaki kwenye damu kwa kawaida haifiki maikromoli 1 kwa lita. Vitamini C huwa karibu 50. Kwa kiasi hicho, kusema flavonoidi zinazunguka mwilini zikizima sumu moja moja ni kujifurahisha. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa kwenye tovuti yake jedwali la vyakula vilivyopimwa nguvu ya kuzima sumu kwenye vichupa vya maabara, baada ya kuona linatumiwa kuuzia bidhaa.

Watafiti sasa huangalia zaidi jinsi zinavyogusa vimeng'enya na kuta za mishipa ya damu, na kile ambacho bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa. Bakteria hao si sawa kwa kila mtu: daidzeini, flavonoidi ya soya, hugeuka kuwa kemikali iitwayo ikwoli kwa baadhi ya watu tu.

"Basi hakuna dawa iliyotoka humo."
Ipo. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha marhamu ya katekini, flavonoidi za chai ya kijani, kutibu chunjua za sehemu za siri. Angalia ujanja wake: inapakwa, haipiti tumboni. Silibini ya mmea wa mbaruti-maziwa nayo hutiwa mshipani huko Ulaya kwa waliokula uyoga wenye sumu.

Kwa njia ya mdomo matokeo ni ya wastani. Jaribio la COSMOS, lililowapa watu 21,442 dondoo ya kakao yenye flavonoidi au kidonge kisicho na dawa, lilichapishwa mwaka 2022. Jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na matatizo mengine ya aina hiyo haikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 27, ila hilo halikuwa swali kuu la jaribio, na mimi nisingelitangaza kama ushindi.

"Ni za asili, hazidhuru."
Kikombe cha chai ni kimoja, vidonge vya dondoo yake ni kingine. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai ya kijani, zikimezwa kama virutubisho, zinahusishwa na dalili za ini kuumia. Chai hiyo hiyo hupunguza pia ufyonzwaji wa nadololi, dawa ya shinikizo la damu. Balungi nalo huvuruga dawa kadhaa, na kwa muda mrefu lawama zilibebeshwa naringini, flavonoidi inayolitia uchungu. Mkosaji mkuu alikuwa kundi jingine kabisa la kemikali: furanokumarini.