Nyoka wenye chonge nyuma ya mdomo: maswali na majibu kuhusu meno na sumu yao

Nasikia nyoka wa kijani wa mitini hana sumu. Ni kweli?

Wako wasio na madhara, lakini usimwamini kila nyoka wa kijani. Kati yao yumo bumslangi (Dispholidus typus), anayeishi Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na kusini zaidi. Sumu yake inaua. Tena si lazima awe kijani: majike wengi ni wa kahawia, na wachanga wana rangi ya kijivu na macho makubwa sana. Ndugu yake wa karibu, Thelotornis, ni mwembamba na hufanana na kijiti kikavu. Huyo naye ni hatari.

Meno ya bumslangi yana tofauti gani na ya kifutu?

Chonge za kifutu ziko mbele, ni ndefu, na zina tundu ndani linalopitisha sumu. Koboko na swila nao chonge zao ziko mbele. Bumslangi ana meno madogo mbele, halafu nyuma ya taya la juu, usawa wa jicho, kuna meno machache makubwa kuliko mengine. Meno hayo yana mfereji ubavuni, na sumu huteremka humo hadi kwenye jeraha.

Sumu inatoka wapi?

Kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, juu ya mdomo. Inaitwa tezi ya Duvernoy, kwa heshima ya Mfaransa Georges Duvernoy aliyeieleza mwaka 1832. Haina ghala kubwa la kuhifadhi sumu, na kwa nyoka wengi wa kundi hili hakuna msuli unaoikamua kwa nguvu kama ilivyo kwa kifutu. Ndiyo maana wengi wao hulazimika kung'ata na kutafuna ili sumu iingie, na kwa binadamu huacha uvimbe na maumivu tu. Bumslangi anaweza kupanua mdomo sana, na chonge zake haziko nyuma mno. Kwa hiyo mng'ato mfupi unaweza kutosha.

Hata akiwa mdogo?

Hata akiwa mdogo. Septemba 1957, huko Chicago, mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt aliletewa bumslangi mchanga amtambue. Alipomshika, nyoka alimng'ata kwenye kidole gumba, na ni chonge moja tu iliyozama, milimita chache. Schmidt hakwenda hospitali. Aliendelea kuandika dalili zake: kichefuchefu, homa, damu kwenye fizi, kisha mkojo wenye damu usiku. Asubuhi alijisikia nafuu, akala kifungua kinywa vizuri. Mchana huohuo alifariki. Uchunguzi wa maiti ulionyesha damu imevuja ndani ya viungo vingi.

Hiyo nafuu ya asubuhi ndiyo inayonitisha kuliko yote. Mgonjwa anakaa, anakula, anaongea, na jamaa wanamrudisha nyumbani.

Kwa nini dalili zinachelewa?

Sumu hii huchochea mwili ugandishe damu ovyo ndani ya mishipa, mpaka viambato vya kugandisha damu viishe. Vikiisha, damu haigandi tena. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, wakati mwingine zaidi ya siku nzima. Jeraha lenyewe linaweza lisivimbe hata kidogo. Dalili za kuangalia ni damu kwenye fizi, puani, kwenye mkojo au choo, michubuko isiyo na sababu, kidonda cha zamani kinachoanza kutoka damu, na maumivu makali ya kichwa.

Nifanye nini mtu aking'atwa?

Mtulize, mvue pete na bangili, na kiungo kilichong'atwa kisitikiswe. Mpeleke hospitali mara moja. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, maana huongeza kutoka damu. Usimfukuze nyoka ili umuue. Ukiweza, mpige picha ukiwa mbali.

Hospitali watajuaje kama sumu imeingia?

Kuna kipimo kisichohitaji umeme wala mashine. Mhudumu huchukua mililita 2 za damu, huziweka kwenye chupa safi na kavu ya kioo, na kuiacha bila kuitikisa kwa dakika 20. Kisha huiinamisha mara moja. Damu ikitiririka bado, mgonjwa yuko hatarini. Ikiganda, kipimo kirudiwe baada ya saa chache, na mgonjwa abaki chini ya uangalizi kwa saa 24 hadi 48. Ukiambiwa uende nyumbani mapema, omba kwa adabu kipimo kirudiwe kwanza.

Je, dawa ya sumu ya nyoka iliyopo hospitali itamsaidia?

Antivenomu ya mchanganyiko, inayotibu kifutu, swila na koboko, haifanyi kazi kwa bumslangi. Yeye ana antivenomu yake peke yake, inayotengenezwa Afrika Kusini, na ni adimu, hivyo mgonjwa apewe rufaa mapema ili itafutwe. Kwa Thelotornis hakuna antivenomu kabisa. Mgonjwa wake husaidiwa kwa kuongezewa damu na kuangaliwa kwa karibu, na asichomwe sindano za msuli wakati damu yake haigandi.