Fonti na rangi za kihariri, na kwa nini hazisafiri na faili

Kijana mmoja alinijia jioni hapa Mtwara, flashi mkononi, uso umemshuka. Alikuwa ameshinda kutwa nyumbani kwao Naliendele akiandika orodha ya wakulima wa chama chao cha msingi, jina la kila mmoja na kilo za korosho alizopeleka ghalani. Alitumia kihariri cha Notepad++, na alikuwa ameipamba kweli: herufi kubwa za kijani kwenye ukurasa mweusi. Alipofika stationari kuchapisha, kompyuta ya pale ikamfungulia herufi ndogo nyeusi kwenye ukurasa mweupe.

"Shikamoo mwalimu. Hii flashi ina virusi, imenivurugia kazi yote."

Flashi ilikuwa nzima. Majina yote yalikuwepo, kilo zote zilikuwepo. Kilichopotea hakikuwahi kuwemo ndani ya faili.

Kihariri ni programu ya kuandikia maandishi matupu. Ndani ya faili lake mna herufi, tarakimu, nafasi na alama za kumaliza mstari, basi. Hamna mahali palipoandikwa "neno hili liwe la kijani". Word ni tofauti: ukikoleza neno au ukalipaka nyekundu, agizo hilo linahifadhiwa pamoja na neno lenyewe, nalo litakwenda popote waraka unapokwenda. Kwenye kihariri, fonti na rangi ni za dirisha unalotazamia. Ni kama kuvaa miwani ya rangi ukasoma gazeti: ukimpa jirani gazeti, miwani imebaki machoni kwako.

Miwani hiyo nayo ina mahali inapokaa. Notepad++ huandika rangi zako kwenye faili liitwalo stylers.xml, kihariri cha VS Code huweka mipangilio yake kwenye settings.json, na watu wa kihariri cha Vim huandika ya kwao kwenye .vimrc. Ukihamia kompyuta nyingine na unataka sura uliyoizoea, nakili na faili hilo. Yule kijana hakuwa na habari nalo, na sikumlaumu, kwa sababu wengi wetu tumejifunzia kompyuta kwenye Word na tunadhani kila programu ya kuandikia hufanya vivyo hivyo.

Tuanze na fonti, yaani umbo la herufi. Kwenye vitabu na magazeti herufi i hubanwa, m hupewa nafasi pana, na jicho hulipenda jambo hilo. Kwenye kihariri tunapendelea fonti ya upana sawa, ambamo i na m hupewa chumba kile kile, na nafasi tupu nayo hupewa chumba chake kamili. Desturi hii ni ya taipureta, mashine ambayo gari lake lilisogea hatua ile ile kwa kila herufi. Courier, inayojulikana kuliko zote, ilichorwa na Howard Kettler wa IBM mwaka 1955 kwa ajili ya mashine hizo.

Faida yake niliiona kwenye orodha ile ile ya korosho. Kijana alikuwa amepanga safu ya kilo kwa kubonyeza spesi mpaka tarakimu zikae chini ya wenzake. Kwa Consolas, fonti ya upana sawa, safu ilinyooka kama mistari ya mikorosho shambani. Nilipobadilisha kuwa Arial, ambayo si ya upana sawa, mbele ya macho yake, safu ikapinda hapo hapo, kwa kuwa majina yenye i nyingi yalijivuta kushoto na yenye m yakasukuma kulia. Hakuna spesi hata moja iliyoguswa. Tukarudisha Consolas, safu ikanyooka tena. Isitoshe, Consolas hukata sifuri kwa mstari ndani, usiichanganye na O, na kwa anayeandika namba za wanachama hilo si jambo dogo.

Rangi ni habari pana zaidi. Kihariri hupaka rangi kwa kufuata kanuni za lugha ya programu, na lugha yenyewe huitambua hasa kwa kiambishi cha jina la faili: .py ni Python, .html ni ukurasa wa wavuti. Hifadhi faili lile lile kwa .txt na rangi zitatoweka, ingawa maneno yamebaki vile vile.

Hapa tunaoandika Kiswahili tuna sababu yetu wenyewe ya kuzipenda rangi. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akiandika kata za Manispaa ya Lindi kwa Python, kila jina ndani ya alama moja moja za kunukuu: 'Mingoyo', 'Ng'apa', 'Rasbura'. Mingoyo ilikaa kwenye rangi ya maneno yaliyonukuliwa. Kufika Ng'apa, rangi ikakatika baada ya Ng, apa ikabaki nyeupe, kisha koma iliyofuata ikashika rangi ya nukuu na Rasbura ikaikosa. Alama ya king'ong'o chetu ilikuwa imeifunga nukuu kabla ya wakati. Programu ilikuwa bado haijaendeshwa, lakini kosa lilikuwa limeshajionyesha. Akaandika "Ng'apa" kwa alama pacha za kunukuu, rangi zikatulia. Ninayapenda mafunzo ya namna hii kwa sababu jicho linaona kabla akili haijatafuta.

Jambo linalowasumbua wengi ni kwamba dirisha moja lina sehemu nyingi, na kila sehemu husikiliza mpangilio wake. Kwenye VS Code, ukubwa wa herufi za ukurasa wa kuandikia huwekwa na editor.fontSize, terminali ya chini, pale pa kuandikia amri, ina terminal.integrated.fontSize, na orodha ya mafaili ya pembeni haisikii yote mawili: hiyo hukuzwa kwa window.zoomLevel, ambayo hukuza dirisha zima. Ukiona umekuza herufi na pembeni pamebaki padogo, hujakosea.

Kuhusu mandhari nyeusi au nyeupe, mimi hufuata mwanga. Mchana ukikaa barazani Mikindani, bahari mbele yako, ukurasa mweusi hugeuka kioo na unajiona sura badala ya maandishi, kwa hiyo tumia mweupe. Usiku chumbani, mweusi hupumzisha macho. Ila usiuchague mweusi kwa kuokoa chaji umeme ukikatika. Kwenye laptopu nyingi zenye kioo cha LCD taa ya nyuma huwaka vile vile hata ukurasa uwe mweusi, kwa hiyo punguza mwanga wa kioo wenyewe. Na rangi yoyote utakayochagua, iachane vya kutosha na ukurasa. Miongozo ya kimataifa ya wavuti inataka tofauti ya mwanga isiyopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, ilhali nyeusi juu ya nyeupe hufika 21 kwa 1. Kijivu juu ya kijivu hupendeza kwenye picha, na huumiza macho saa mbili baadaye.

Yule kijana alitaka karatasi ya kubandika ukutani, isomeke kwa mbali. Tukayanakili maandishi kuyapeleka LibreOffice Writer, programu ya nyaraka kama Word, tukaweka Courier New ya pointi 16 ili safu isipinde, tukahifadhi kama PDF, ambayo hubeba fonti ndani yake. Asubuhi alirudi stationari na flashi ile ile.