Studio za Kati Zisiachwe Zife

Mimi ni mwandishi wa programu za gemu, na mara kwa mara huulizwa kwa nini gemu kubwa za siku hizi zinafanana sana. Chanzo chake ni gharama. Nyaraka za mahakama ya Marekani zilizofichuka mwaka 2023 zilionyesha kwamba The Last of Us Part II ya Sony iligharimu takriban dola milioni 220, na mwenye kutoa fedha kiasi hicho hathubutu kujaribu jambo ambalo wachezaji hawajalizoea. Mtunzi anayefanya kazi peke yake anathubutu, ila nguvu zake haziwezi kubeba kila wazo. Ndiyo maana nazitetea studio za kati, zilizo kati ya hao wawili kwa ukubwa.

Tazama Hi-Fi Rush, iliyotolewa Januari 2023 na studio ya Tango Gameworks ya Tokyo. Humo kila kitu hufuata mdundo wa muziki: mitambo inatikisika, taa zinapepesa, na hata hatua za kijana Chai, shujaa wake, hukanyaga palepale ngoma inapolia. Ukibonyeza kitufe nje ya mdundo, pigo bado hutua ndani yake, kwa kuwa programu hurekebisha mwendo wa mwili kabla jicho halijagundua. Anayeijua kazi hii anafahamu ni subira kiasi gani imetumika hapo.

Gemu hiyo ilipata tuzo ya uhuishaji ya BAFTA, taasisi ya Uingereza inayotuza filamu na gemu, Aprili 2024. Mwezi uliofuata Microsoft, iliyoipata Tango mwaka 2021 ilipoinunua kampuni mama yake kwa dola bilioni 7.5, ilitangaza kuifunga. Kwa mizani ya kampuni kubwa namna hiyo, gemu nzuri ya ukubwa wa wastani haina uzito wa kuiokoa studio yake. Agosti mwaka huohuo Krafton ya Korea Kusini iliwachukua watu wa Tango, na ikabidi ichukue pia haki za Hi-Fi Rush, kwa sababu waliotengeneza gemu hawakuwa wenye mali.

Hapo ndipo ninapowasihi wanaoanzisha studio: kabla ya kutia saini mkataba na mchapishaji, yaani kampuni inayogharimia gemu na kuiuza, someni kifungu cha hakimiliki mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mkiweza, pokeeni fedha pungufu ili jina la gemu libaki mikononi mwenu.