Tuacheni kusema shida ni matangazo

Kila kikao cha utalii wa kijamii, yaani ule ambao jamii yenyewe inapokea wageni kuona urithi wake, lazima atokee mtu aseme "urithi mnao, mnachokosa ni matangazo tu", watu wanatikisa vichwa kukubali, halafu bajeti yote inaishia kwenye mabango, video ya droni na ukurasa wa Instagram. Hapana jamani! Matangazo yakishika kabla hamjajipanga ndo balaa linaanza, wageni wanamiminika na hakuna anayejua nani anawapokea, nani analipwa, wala wapi mgeni asikanyage.

Angalieni matuta ya mpunga ya Ifugao kule Ufilipino, yale mashamba ya ngazi milimani. UNESCO waliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia 1995, sasa mnataka tangazo gani kubwa kuliko hilo? Na bado 2001 yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakaja kutolewa huko 2012. Yale matuta yanasimama kwa sababu kuna mtu anautunza msitu wa juu unaoshusha maji, kuna anayezibua mifereji, kuna anayerudishia ukuta ukimeguka, na kazi hiyo yote wanaibeba wakulima wenyewe. Kijana akiona kilimo hakimlipi anaondoka, mfereji unaziba, tuta la chini linakauka, linapasuka, mvua ikija linaporomoka. Na mgeni anaweza kabisa kupiga picha zake akiwa barabarani, hela akaiacha hotelini, aliyeshika jembe asione hata senti. Halafu kuna Hudhud, nyimbo zao za masimulizi zaidi ya 200, waimbaji wakuu ni wanawake wazee, zinaimbwa wakati wa kupanda, kuvuna na kwenye misiba. Sasa shamba likiachwa, au mashine ikavuna badala ya mikono, hizo nyimbo zinaimbiwa wapi? Ukizipeleka jukwaani dakika kumi kabla ya chakula cha jioni zitasikika, sawa, ila binti alikuwa anazishika akiwa shambani na bibi yake, jukwaani hazishiki hata kidogo.

Ndo maana mimi nikifika sehemu siulizi wageni wangapi. Nauliza nani anaamka asubuhi kuuweka huo urithi hai, na hela ya mgeni inamfikiaje yeye. Nionyesheni nani anaandika daftari la wageni, nani anasaini benki, zamu za waongozaji zinapangwaje. Mkiniambia "jamii imekubali" nitauliza nani hasa, wazee wa baraza peke yao? Wanawake watakaopika na kulaza wageni walikuwepo? Hapo mara nyingi kikao kinanyamaza.



Halafu kuna haki ya kukataa, hiyo siipiti haraka. Uluru, ule mwamba mkubwa kule Australia, ardhi yake ilirudishwa kwa Waanangu, wenyeji wa asili wa hapo, 1985, wakaikodisha kwa serikali miaka 99 iwe hifadhi, wanapata kodi na asilimia 25 ya viingilio. Yaani ni wenye mali kabisa! Na walikuwa wakiwaomba wageni wasipande ule mwamba, ni mahali patakatifu kwao, watu wakaendelea kupanda tu mpaka kupanda kulipofungwa 26 Oktoba 2019. Miaka 34 tangu warudishiwe ardhi. Sasa kijiji ambacho hakina hata hati ya eneo lake kitaikatalia vipi kampuni ya utalii iliyokuja na mabasi?

Kuna kitu bado kinanisumbua, vitabu vyetu vya utalii vinakipita juu juu. Ukianza kumlipa bibi kwa kuimba, je, kwenye msiba wa jirani ataimba bure kama zamani? Usipomlipa umemnyonya. Nimeona vikundi vikiamua hivi na vingine vile, na sijaona njia isiyoacha mtu na kinyongo. Kwa sasa nawashauri wachague wenyewe yapi hayauzwi kabisa, wayaandike, na mwongozaji awe na ruhusa ya kumwambia mgeni "hapa basi" bila kuogopa kufukuzwa kazi. Wapokee wageni wachache kwanza, hesabu isomwe mbele ya watu wote, ugomvi wa mgao utokee wakati hela bado ni ndogo. Video ya droni itapigwa baadaye.